Kubashiri kwa Pointi Bila Fedha: Kanuni za Mchezo, Upimaji wa Makadirio na Mpaka wa Kamari

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mchezo wa kirafiki wa kubashiri matokeo kwa pointi unavyoundwa na kuendeshwa, na jinsi kanuni ya kugawa pointi inavyoamua kile ambacho washiriki watajifunza. Kanuni tatu zinachambuliwa kwa mifano ya hesabu: pointi za jibu sahihi, mfuko wa pointi wenye dau, na adhabu ya mraba inayopima uwezekano uliotajwa. Hoja kuu ni kwamba kanuni mbili za kwanza humfundisha mshiriki kutia chumvi, na ya tatu humlazimisha kusema anachoamini. Aidha, makala yanajadili maswali ya muda, lugha ya swali na mstari unaotenga mchezo na kamari katika nchi zetu, kisha yanaonesha uhusiano wa mchezo huu na usomaji wa utabiri wa mvua wa msimu.

1.0 Utangulizi

Katika ofisi, mabweni ya vyuo na vijiwe vya Afrika Mashariki, mashindano makubwa ya mpira huja na daftari. Mtu mmoja hujitolea kuandika majina, wengine humtajia matokeo wanayoyatarajia, na baada ya kila mechi pointi hugawanywa. Hakuna fedha inayotolewa. Anayeongoza hupata haki ya kuwatania wenzake mpaka mechi inayofuata, na anayeburuza mkia hulalamika kwamba mwenye daftari anapendelea. Kwa kuwa Shirikisho la Soka Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, madaftari ya namna hiyo yataongezeka.

Ni rahisi kuuona mchezo huu kuwa burudani isiyostahili makala. Zipo sababu mbili za kufikiri vinginevyo. Ya kwanza ni kwamba nchi zetu zimo katika mjadala mkali kuhusu michezo ya kubashiri ya fedha, na mara nyingi watunga sera huulizwa kama mchezo wa pointi ni dawa ya tatizo hilo au ni mlango wake. Swali hilo halijibiki mpaka mtu ajue mchezo wenyewe unafanya kazi vipi. Ya pili ni kwamba serikali zetu hupokea kila msimu taarifa zilizoandikwa kwa lugha ya uwezekano, hasa za mvua, na wanaozipokea si wote waliozoea kuisoma lugha hiyo. Mchezo wa kubashiri, ukiendeshwa kwa kanuni inayofaa, ni shule ya bei nafuu ya lugha hiyo.

Wazo hili si geni. Mwanahisabati wa Italia, Bruno de Finetti (1906–1985), aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya bima huko Trieste kabla ya kufundisha Roma, aliendesha katika miaka ya 1960 shindano la kubashiri mechi za ligi ya Italia. Washiriki hawakuulizwa nani atashinda. Waliulizwa wagawe uwezekano kwa matokeo matatu ya kila mechi: ushindi wa wenyeji, sare, na ushindi wa wageni. Kisha kila mmoja alipimwa kwa kanuni ya adhabu tutakayoieleza katika sehemu ya 5.0. De Finetti alikuwa tayari ameujenga uelewa wake wa uwezekano juu ya dau ambalo mtu yuko radhi kuliweka. Baadaye akaona kwamba dau lina kasoro zake, kwa kuwa mtu anayebishana na mwenzake kuhusu dau hufikiri pia kuhusu ujanja wa huyo mwenzake. Adhabu isiyo na mpinzani iliondoa kasoro hiyo.

2.0 Istilahi

Kitenzi kubashiri kilitujia kutoka Kiarabu kikiwa na maana ya kuleta habari, hasa habari njema, na kwa Kiswahili kikapanuka hadi kutaja jambo kabla halijatokea. Katika lugha rasmi ya Tanzania leo, michezo ya kubashiri ni jina la kuweka fedha juu ya matokeo ya michezo, ilhali mamlaka za hali ya hewa hutumia kutabiri na utabiri. Mgawanyo huo una faida, lakini una hasara pia: unamfanya msomaji aamini kwamba anayebashiri mpira na anayetabiri mvua wanafanya kazi mbili tofauti kabisa. Kwa upande wa hesabu kazi ni moja.

Katika makala haya dau ni kiasi kinachowekwa hatarini, kiwe cha fedha au cha pointi. Kiwango cha malipo ni idadi ya pointi zinazorudi kwa kila pointi moja iliyowekwa. Vijana hukiita odi. Mkeka, katika usemi wa vijana wa Tanzania, ni orodha ya mechi kadhaa zilizofungwa pamoja kwa dau moja. Mechi moja ikienda kombo, mkeka wote umechanika. Anayeandaa mchezo na kutunza kumbukumbu tutamwita mwendeshaji. Neno kamari tutalitumia pale tu ambapo kitu chenye thamani kinaweza kupotea.

3.0 Pointi za jibu sahihi

Kanuni inayotumika zaidi ni hii: pointi 3 kwa aliyetaja idadi kamili ya mabao, pointi 1 kwa aliyetaja mshindi au sare bila kupata mabao, na sifuri kwa wengine. Faida yake ni urahisi. Mwendeshaji anaweza kujumlisha bila kikokotoo, na katika mashindano ya timu 24 yenye mechi 52, yaani 36 za makundi na 16 za mtoano, urahisi si jambo la kubezwa.

Kasoro yake ni kwamba inafuta habari. Mshiriki anayeamini kwamba wenyeji wana nafasi ya asilimia 40, sare 30 na wageni 30, na mwingine anayeamini kwamba wenyeji wana asilimia 90, wote wawili huandika neno lilelile katika daftari. Wenyeji wakishinda wanapata pointi sawa. Wakishindwa wanakosa sawa. Aliyekuwa na shaka na aliyekuwa na hakika wamekuwa mtu mmoja. Mtafiti akilichukua daftari hilo baada ya msimu hataweza kujua nani alikuwa na busara.

Baadhi ya waendeshaji, wakitaka kurekebisha hali hiyo, humpa kila mshiriki pointi 100 azigawe kwa matokeo yanayowezekana, kisha humlipa zile alizoweka kwenye tokeo lililotimia. Inaonekana haki, lakini sivyo. Chukua mechi ya mtoano yenye matokeo mawili tu, na mshiriki anayeamini kwamba timu ya kwanza ina nafasi ya asilimia 60. Akigawa kwa uaminifu, 60 na 40, anatarajia kwa wastani pointi 52 (yaani 0.6 × 60 na 0.4 × 40). Akiziweka zote 100 kwenye timu ya kwanza, anatarajia 60. Kanuni yenyewe inamwambia aache kusema ukweli. Baada ya wiki mbili kila mshiriki mwerevu atakuwa anaweka zote upande mmoja, na mwendeshaji atabaki akishangaa kwa nini watu wake wamekuwa na hakika kupita kiasi.

4.0 Mfuko wa pointi

Katika muundo wa pili kila mshiriki huanza na mfuko, tuseme pointi 1,000, na huweka dau la kiasi anachotaka. Huu ndio unaofanana zaidi na kubeti, na ndio unaopendwa kwa sababu una msisimko. Mwendeshaji anakabiliwa mara moja na swali la nani apange kiwango cha malipo.

Akikipanga mwenyewe, anajiweka mahali pabaya. Akikosea, wajuzi watamvuna, akipatia, atatuhumiwa. Zaidi ya hayo, malipo yanatoka hewani, hivyo jumla ya pointi katika mchezo huongezeka kila wiki na anayejiunga mwezi wa pili na 1,000 zake hana njia ya kuwafikia wengine. Ni mfumuko wa bei katika uchumi mdogo, na unaua mchezo kwa namna ileile unavyoua akiba.

Njia bora ni chungu cha pamoja, ambacho Joseph Oller alikiingiza katika mashindano ya farasi ya Ufaransa miaka ya 1860 na ambacho mwaka 1913 kilipata mashine yake ya kwanza ya kujumlisha katika uwanja wa Ellerslie huko New Zealand. Pointi zote za mechi huingia chungu kimoja, na waliopatia hugawana chungu hicho kulingana na madau yao. Chukulia watu 40 wameweka jumla ya pointi 4,000: 2,500 kwa wenyeji, 1,000 kwa sare na 500 kwa wageni. Wageni wakishinda, kila pointi iliyowekwa kwao inarudi ikiwa 8. Ikitokea sare inarudi 4, na wenyeji wakishinda 1.6. Mwendeshaji hakupanga chochote. Washiriki wenyewe wamepanga, na jumla ya pointi haikuongezeka hata moja. Kinachohitajika ni kuficha mgawanyo wa chungu mpaka dirisha lifungwe, kwa kuwa anayeweka dau mwishoni akiona mgawanyo huwa amejipatia maarifa ya wenzake bure.

Hata hivyo, chungu hakitibu ugonjwa mkubwa wa mfuko, ambao ni ugonjwa wa msimamo. Tuwachukue washiriki 40, kila mmoja na pointi 1,000, na mechi tano ambazo kila upande una nafasi nusu kwa nusu na malipo ni mara mbili ya dau. Kila mmoja anaweka mfuko wote katika kila mechi, bila kuiga wenzake. Kwa kila mmoja uwezekano wa kupatia zote tano ni 1 katika 32, na atakayepatia atakuwa na pointi 32,000. Uwezekano kwamba angalau mmoja kati ya 40 atafika huko ni takribani asilimia 72. Sasa mwongeze mshiriki wa 41, mtu makini anayejua mpira kweli, ambaye kwa madau ya wastani ameukuza mfuko wake hadi 1,500. Katika misimu saba kati ya kumi, huyo hatakuwa wa kwanza. Atapitwa na mtu asiyejua lolote zaidi ya kutupa sarafu. Aliyeshinda ataeleza mbinu zake kwa kirefu, na wasikilizaji wataamini.

Jambo hili lina uzito kwa watunga sera. Matangazo ya kubeti humwonesha mshindi. Mchezo wa pointi ulioundwa vibaya hufanya jambo lilelile bila kulipwa: humtukuza aliyenusurika. Mwendeshaji anayetaka kuendelea na mfuko anapaswa kuweka ukomo wa dau, kwa mfano sehemu moja ya kumi ya mfuko kwa kila mechi, na kutoa mgao mdogo wa kila wiki ili waliofilisika wasikimbie mchezo. Kuhusu ukubwa wa dau ipo kanuni ya J. L. Kelly wa Maabara ya Bell, aliyoichapisha mwaka 1956: malipo yakiwa mara mbili ya dau na mtu akiamini ana nafasi ya asilimia 60, anaweka asilimia 20 ya mfuko, si zaidi, akiwa na asilimia 50 haweki kitu. Washiriki wengi hushtuka kusikia kwamba kwa jambo wanaloliamini kwa asilimia 60 wanapaswa kubakiza asilimia 80 ya mfuko nyumbani.

Mfuko una matumizi moja ambayo kanuni nyingine hazina. Unaweza kuonesha kwa vitendo namna faida ya kampuni za kubeti inavyopatikana. Tuseme mechi ina pande mbili zenye nafasi sawa, na kampuni inatoa kiwango cha 1.80 kwa kila upande. Dau la 100 linarudisha 180 mara moja kati ya mbili, yaani 90 kwa wastani. Kumi zimebaki kwa kampuni. Sasa funga mechi kumi za namna hiyo katika mkeka mmoja. Dau la 1,000 linaahidi takribani 357,000, na ahadi hiyo hutimia mara 1 katika 1,024. Kwa wastani zinarudi takribani 349, chini ya 35 kwa kila 100. Mkeka haumpunguzii mchezaji hasara kwa kuongeza zawadi; unaiongeza hasara kwa kila mechi inayofungwa ndani yake. Kikundi cha watu wazima kikitumia viwango halisi vya soko kwa pointi katika msimu mmoja mzima, kitayaona haya katika daftari lake bila kuhubiriwa. Nadhani somo hilo ni bora kuliko mabango ya onyo, ingawa ningependa jina la kampuni lisitajwe katika zoezi hilo.

5.0 Kupima uwezekano uliotajwa

Kanuni ya tatu ilitoka katika hali ya hewa. Mwaka 1950 Glenn Brier, wa idara ya hali ya hewa ya Marekani, alipendekeza njia ya kukagua utabiri uliotolewa kwa asilimia: chukua tofauti kati ya uwezekano uliotajwa na kilichotokea, uipige mraba, na uifanye kuwa adhabu. Kilichotokea huhesabiwa 1, na kisichotokea 0. Adhabu ndogo ni nzuri.

Tumrudie mshiriki wetu mwenye asilimia 60. Akisema 60 na timu ikashinda, adhabu yake ni 0.16, ikishindwa, 0.36. Kwa imani yake mwenyewe anatarajia adhabu ya 0.24. Akitia chumvi na kusema 80, anatarajia 0.28. Akisema 100, anatarajia 0.40. Akijificha nyuma ya 50, anapata 0.25 bila shaka yoyote. Hakuna namba anayoweza kuitaja itakayompa matarajio mazuri kuliko ile anayoiamini. Hii ndiyo tofauti kati ya kanuni hii na zile mbili zilizotangulia, na haitegemei tabia njema ya mshiriki.

Adhabu haivutii katika mchezo wa kirafiki. Watu hupenda kukusanya, si kupoteza. Kwa hiyo inafaa kuigeuza iwe pointi: 25 toa adhabu mara 100. Fomula hiyo ilitumiwa na FiveThirtyEight ya Marekani katika mchezo wake wa kubashiri mechi za ligi ya NFL. Anayesema 50 hupata sifuri kila mara. Anayesema 60 hupata 9 akipatia na hupoteza 11 akikosea. Anayesema 70 hupata 16 au hupoteza 24; anayesema 90 hupata 24 au hupoteza 56. Anayesema 100 hupata 25, na akikosea hupoteza 75. Kati ya asilimia 90 na 100 kuna faida ya pointi moja na hatari ya pointi 19 zaidi. Mshiriki mmoja akishaangukia hasi 75 wiki ya kwanza, kikundi kizima hubadilisha namna ya kusema. Neno lazima hupungua katika mazungumzo.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama watu watajitahidi bila fedha. Utafiti wa Servan-Schreiber na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulilinganisha masoko mawili ya kubashiri mechi 208 za ligi ya NFL za msimu wa 2003, moja la fedha halisi na jingine la fedha za kuigiza. Usahihi wao ulikaribiana kiasi cha kutotofautishwa. Ni ligi moja na msimu mmoja, kwa hiyo nisingelibebesha tokeo hilo mzigo mzito. Lakini linatosha kumnyima mtu dai kwamba bila fedha hakuna umakini.

Tahadhari moja inabaki. Kanuni ya mraba humfanya mtu aseme kweli ikiwa anajali wastani wake. Kama zawadi ni kwa mshindi wa kwanza peke yake, aliye nyuma katika mechi za mwisho ana sababu ya kutia chumvi, kwa kuwa kushika nafasi ya pili au ya ishirini kwake ni mamoja. Dawa ni kutambua watu kwa viwango, kwa mfano wote waliomaliza juu ya sifuri, na si kwa taji moja.

6.0 Lugha ya swali na saa ya kufunga

Migogoro mingi ya michezo hii haitokani na hesabu. Inatokana na maneno. Tarehe 12 Februari 2012, Zambia na Côte d'Ivoire zilitoka 0–0 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville, na Zambia ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti, 8–7. Aliyeandika sare alipatia? Aliyeandika Zambia itashinda alipatia? Wote wawili wana hoja, na mwendeshaji asiyeamua kabla ya mechi ataamua akiwa tayari anajua rafiki yake yuko upande gani. Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya: kushinda katika dakika 90, kushinda baada ya muda wa nyongeza, kusonga mbele, kutwaa kombe. Kinachotakiwa ni kuyatumia. Kila swali liandikwe likiwa na tukio, mpaka wa muda na chanzo kitakachoamua, pamoja na kauli moja kuhusu mechi iliyoahirishwa au kuvunjika. Kwa maoni yangu mechi iliyovunjika ifutwe kwa wote. Kuipigia kura ni kukaribisha ugomvi.

Jambo la pili ni saa. Washiriki wakiwa Kampala, Nairobi na Dodoma, saa yao ni moja. Wakiongezwa wa Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, wako nyuma kwa saa moja, na wa Kinshasa kwa saa mbili. Dirisha linalofungwa saa moja usiku Kampala hufungwa saa kumi na mbili jioni Kigali na saa kumi na moja jioni Kinshasa. Isitoshe, si wasemaji wote wa Kiswahili wa ukanda huu wanaohesabu saa kuanzia mapambazuko. Mwenye mazoea ya Kifaransa anaweza kuisoma saa moja kuwa saa saba mchana. Kanuni iandike saa kwa tarakimu 24 na itaje saa za Afrika Mashariki. Mshiriki aliyechelewa kwa dakika tano kwa sababu hiyo hatakuwa mdanganyifu, lakini daftari halitamtofautisha na mdanganyifu.

7.0 Pointi zinapogeuka fedha

Kwa jumla, sheria za kamari hutafuta vitu vitatu: kitu chenye thamani kinachowekwa hatarini, tokeo lisilo mikononi mwa mchezaji, na zawadi. Mchezo wa pointi una la pili. Unabaki nje ya kamari kwa kukosa la kwanza, na kwa tahadhari hata la tatu. Sheria zenyewe zinatofautiana: Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake; Uganda ina sheria ya mwaka 2016, inayoweka umri wa chini kuwa miaka 25; Kenya iliiacha sheria yake ya mwaka 1966 kwa kutunga mpya mwaka 2025. Mhadhiri anayeendesha zoezi lenye zawadi kwa wanafunzi wa miaka 20 anaweza kuwa salama upande mmoja wa mpaka na kuulizwa maswali upande wa pili.

Mstari unavukwa mara nyingi bila nia. Mtu anapendekeza kila mmoja achangie kidogo ili mshindi apate kitu. Hapo pointi zimenunuliwa. Mwingine anaahidi salio la simu kwa anayeongoza. Katika ukanda huu salio huhamishwa kutoka simu hadi simu, na anayelipokea anaweza kulitumia kulipia deni dogo. Kulihesabu kama zawadi isiyo ya fedha ni kujidanganya. Mwingine, akiwa amefilisika, anamwomba mwenzake amuuzie pointi 200. Kanuni inayofaa ni fupi: pointi hazinunuliwi, haziuzwi, hazirithishwi, na hufutwa mwisho wa msimu. Kikombe cha bati kinachozunguka kati ya washindi kinatosha.

Swali gumu ni la mlango: je, mchezo wa pointi huwaandaa vijana kwa kubeti? Wasiwasi huo una msingi pale mchezo unapoendeshwa na kampuni ya kubeti yenyewe ikitoa ubashiri wa bure kwa anayejisajili, kwa kuwa hapo mchezo ni tangazo. Una msingi pia kwa muundo wa mfuko usio na ukomo, kwa sababu tuliyoiona. Kwa muundo wa adhabu ya mraba sioni mlango huo. Hauna mkeka, hauna kurudisha kilichopotea kwa dau kubwa zaidi, na mwenye haraka ya kutajirika ndiye anayeumia kwanza. Ningependekeza kwamba miongozo ya vyuo na wizara itofautishe miundo hii badala ya kuiruhusu yote au kuikataza yote kwa jina moja la kubashiri.

8.0 Kutoka mpira hadi mvua

Tangu 1998 Jukwaa la Utabiri wa Tabianchi la Pembe ya Afrika, linaloratibiwa na kituo cha ICPAC kilichoko Kenya, hutoa mtazamo wa mvua za msimu kwa nchi 11, zikiwemo Uganda, Rwanda na Burundi. Mtazamo huo hutaja uwezekano wa makundi matatu: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Ni umbo lilelile la ushindi, sare na kushindwa ambalo de Finetti aliwapa washiriki wake.

Chukulia ramani inasema 45, 35 na 20 kwa wilaya fulani. Adhabu kwa makundi matatu hupatikana kwa kujumlisha miraba mitatu. Afisa asiyejua lolote na kugawa theluthi kwa kila kundi atapata 0.667 kila msimu. Anayeinukuu ramani kama ilivyo atapata 0.465 mvua ikizidi, 0.665 ikiwa ya kawaida na 0.965 ikipungua, kama ramani ni sahihi, wastani wake ni 0.635. Ni nafuu ndogo, na hiyo ndiyo hali halisi ya utabiri wa msimu. Sasa mchukue afisa anayeandika katika waraka wake kwamba mvua itazidi kawaida, bila asilimia. Amesema 100, 0 na 0. Atapata sifuri mara 45 katika 100, na adhabu ya 2 mara 55. Wastani wake ni 1.10. Amepewa habari nzuri, na kwa kuifupisha amekuwa mbaya kuliko yule asiyejua lolote.

Kituo cha Tabianchi cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kimekuwa kikitumia michezo ya dadu na maharagwe kuwafundisha wakulima na maafisa wa misaada kufanya maamuzi kwa utabiri. Hapa kwetu njia ya karibu zaidi ni daftari la mpira. Idara ya wilaya inaweza kuanza na mechi za mtoano kwa fomula ya 25, ikahamia mechi za makundi zenye matokeo matatu, kisha ikaongeza ukurasa wa mvua: kabla ya msimu wa Machi hadi Mei kila afisa aandike mgawanyo wake wa asilimia tatu kwa kituo kimoja cha kupimia mvua, na mwezi Juni ulinganishwe na kipimo cha kituo hicho. Msimu mmoja wa mvua ni swali moja tu, kwa hiyo vituo viwe vingi na kumbukumbu zitunzwe miaka kadhaa kabla ya mtu kuitwa mjuzi au kunyimwa jina hilo. Safu ya kwanza ya ukurasa huo iachwe kwa mshiriki wa kubuni anayejibu theluthi kwa kila kundi katika kila swali.